Tahadhari: Ziwa Turkana Lisije Likafuata Njia ya Aral

Ziwa Turkana limejaa. Katika miaka ya karibuni maji yake yamepanda, yakameza malisho, vibanda vya wavuvi na vipande vya barabara. Komote, kijiji cha Waelmolo karibu na Loiyangalani kilichokuwa kimeshikamana na nchi kavu, kimezungukwa na maji kikawa kisiwa. Mwambie mvuvi wa Kalokol leo kwamba ziwa hili liko hatarini kukauka, atakucheka, na ana haki ya kucheka, kwa maana yeye ndiye anayelikimbia ziwa.

Ndiyo sababu tahadhari hii inatolewa sasa. Mto unaolilisha ziwa umeshafungwa kwa mabwawa na kuchimbiwa mifereji ya miwa, na mvua nyingi za miaka hii ndizo zinazoificha hesabu. Mvua zikirudi kawaida, hesabu itasomeka. Wakati huo mashamba yatakuwa yameshazoea kunywa, viwanda vitakuwa vimeshajengwa, wafanyakazi watakuwa wameshaajiriwa, na hakuna serikali itakayothubutu kufunga mfereji.

Hesabu yenyewe mtoto wa shule ya msingi anaiweza. Turkana halina mto unaotoka. Maji yakishaingia hayana njia nyingine ya kuondoka ila kupaa kwa jua, na jua la huko, likisaidiwa na upepo usiolala, hunywa zaidi ya mita mbili za kina kila mwaka. Kina cha wastani cha ziwa ni kama mita 30. Mito ya Turkwel na Kerio huchangia kidogo. Omo, unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ethiopia, huleta kati ya asilimia 80 na 90 ya maji yote. Kwa hiyo swali la iwapo ziwa kubwa kuliko yote duniani yaliyoko jangwani litaishi au litakufa halijibiwi Lodwar wala Nairobi. Linajibiwa kilomita mia kadhaa kaskazini, na wanaolijibu hawalioni ziwa.

Bahari ya Aral, huko Asia ya Kati, ilikuwa na hesabu hiyohiyo. Ni bahari ya ndani ya bara, baina ya Kazakhstan na Uzbekistan, isiyo na mlango wa kutokea, iliyoishi kwa mito miwili: Amu Darya na Syr Darya, inayoteremka kutoka kwenye theluji za milima ya Pamir na Tian Shan. Mwaka 1960 ilikuwa na ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,000, ya nne duniani miongoni mwa maziwa. Msomaji wa Mwanza, Kisumu au Entebbe atauelewa ukubwa huo vizuri, kwa kuwa Ziwa Victoria lina ukubwa karibu sawa na huo. Sasa na alifikirie Ziwa Victoria likipungua, ndani ya umri wa mtu mmoja, hadi ibaki sehemu moja ya kumi.

Haikuwa ajali. Serikali ya Kisovieti iliitaka pamba, ikaiita dhahabu nyeupe, na pamba jangwani haioti kwa dua. Mwaka 1954 ulianza kuchimbwa Mfereji wa Karakum, ambao hatimaye ulivuka kilomita 1,300, ukiyatoa maji ya Amu Darya na kuyapeleka Turkmenistan katikati ya mchanga. Sehemu kubwa yake haikusakafiwa, kwa hiyo maji mengi yalizama ardhini kabla ya kufika shambani. Mifereji mingine ikafuata. Eneo la kilimo cha umwagiliaji katika bonde zima lilikuwa takriban hekta milioni 4.5 mwaka 1960. Kufikia mwisho wa karne lilikaribia milioni 8. Wataalamu walijua bahari itapungua. Walipiga hesabu, wakaona pamba ina thamani kuliko samaki, na wapo waliosema kwamba bahari hiyo ilikuwa kosa la maumbile, maji yanayopotea bure kwa jua.

Jambo la kutisha ni kwamba mpango ulifaulu. Pamba ilipatikana kwa wingi, Uzbekistan ikawa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa pamba duniani, na kila ripoti ya mwaka ilikuwa na takwimu za kujivunia. Bahari haikuwa na mahali pake katika ripoti hizo.

Tazama jinsi ilivyokwenda. Katika miaka ya 1960 kina kilishuka kwa wastani wa sentimita 20 kwa mwaka, shubiri moja hivi. Nani anashtuka kwa shubiri? Miaka ya 1970 ikawa sentimita 50 hadi 60 kwa mwaka. Miaka ya 1980, 80 hadi 90. Sisi tumezoea kusema haba na haba hujaza kibaba. Katika maji yasiyo na mlango wa kutokea, haba na haba hukikausha, na kadiri unavyoendelea ndivyo mwendo unavyozidi. Mji wa Moynaq, uliokuwa bandari ya uvuvi upande wa kusini, ulichimba mfereji kuifuata bahari iliyokuwa ikirudi nyuma, ili meli zipate kupita. Bahari ikazidi kurudi, mfereji ukarefushwa, hadi siku ikafika hapakuwa na maana tena ya kuchimba. Katika miaka ya 1950 Aral ilitoa zaidi ya tani 40,000 za samaki kwa mwaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uvuvi wa biashara ulikuwa umekwisha. Kiwanda cha kusindika samaki cha Moynaq kiliendeshwa kwa muda kwa samaki waliogandishwa, walioletwa kutoka bahari za mbali, ili wafanyakazi wasibaki mikono mitupu. Samaki walisafirishwa kutoka upande mwingine wa nchi ile kubwa kuliko zote duniani, wakatiwe kwenye makopo katika mji wa bandari usio na bahari. Leo meli zimelala juu ya mchanga, na watalii huenda kupigia picha hapo.

Samaki hawakufa kwa kukosa maji tu. Maji yanapopaa huacha chumvi, na kadiri ziwa linavyopungua ndivyo chumvi inavyokolea. Aral ilikuwa na takriban gramu 10 za chumvi kwa lita. Mabaki ya kusini yalivuka gramu 100, mara tatu ya maji ya bahari kuu. Mvuvi wa Turkana na alitie hili moyoni, kwa sababu ziwa lake tayari ni la magadi, maji yake tayari ni ya ukingoni kwa kunywewa, na samaki wake, sangara na ngege, tayari wanaishi karibu na mpaka wa wanachoweza kuvumilia. Ziwa hili halihitaji kukauka lote ndipo life. Linahitaji kupungua kiasi tu.

Kisha likaja vumbi. Sakafu ya bahari iliyobaki wazi imekuwa jangwa jipya, Aralkum, lenye ukubwa unaozidi kilomita za mraba 50,000. Pamba ilikuwa imenyunyiziwa dawa kwa miongo mingi, DDT ikiwemo, na masalia yake yalioshwa na maji ya mashambani hadi mtoni, na mtoni hadi baharini, yakatua chini. Maji yalipoondoka, upepo uliyachukua pamoja na chumvi ukayamwaga juu ya nyumba, visima na mashamba. Katika Karakalpakstan, jamhuri yenye mamlaka ya ndani katika Uzbekistan, inayopakana na bahari hiyo, madaktari walipambana na upungufu wa damu kwa wajawazito, magonjwa ya kifua na kifua kikuu kwa viwango vilivyozidi sehemu nyingine za nchi. Hali ya hewa nayo ikabadilika, kwa kuwa maji mengi vile yalikuwa yakipoza kiangazi na kupasha joto majira ya baridi. Yalipotoweka, kiangazi kikawa kikali, baridi ikawahi, na msimu wa kulima ukafupika. Baadhi ya wakulima wa pamba waliokuwa karibu na bahari wakalazimika kuiacha pamba na kulima mpunga, ambao hunywa maji mengi zaidi. Mashamba yenyewe, kwa kumwagiliwa kupita kiasi bila mitaro mizuri ya kutolea maji, yakapandisha chumvi, ikawa kila mwaka yanahitaji kuoshwa kwa maji mengine kabla ya kupandwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 bahari ilikatika vipande viwili, kaskazini na kusini. Mwaka 2014 bonde la mashariki la kipande cha kusini lilikauka kabisa, kwa mara ya kwanza katika zama zetu.

Mtu angedhani somo hilo limeshaeleweka, hasa na majirani. Mwaka 2022 serikali ya Taliban huko Afghanistan ilianza kuchimba mfereji wa Qosh Tepa, wa kilomita 285 na upana wa takriban mita 100, ili kuyatoa maji ya huohuo Amu Darya na kumwagilia zaidi ya hekta nusu milioni kaskazini mwa nchi. Umechimbwa udongoni bila kusakafiwa, kama Karakum. Afghanistan haimo katika makubaliano ya 1992 ambayo kwayo nchi tano za Asia ya Kati hugawana maji hayo. Siwalaumu Waafghani kwa kutaka ngano. Nchi yao inachangia maji ya mto huo na kwa miaka yote ile pamba ilikuwa ya wengine. Lakini ndivyo maji yanavyoisha: kila anayechimba ana sababu ya haki, na mwenye haki ya mwisho, yaani bahari, hana wa kumsemea.

Sasa turudi Omo.

Bwawa la Gibe III lilianza kujengwa mwaka 2006, likaanza kujazwa Januari 2015, na kuzinduliwa Desemba 2016. Lina kimo cha mita 243 na uwezo wa megawati 1,870. Watetezi wake husema, na ni kweli, kwamba bwawa la umeme halili maji: huyazuia, huyapitisha kwenye mitambo, kisha huyarudisha mtoni. Walipokuwa wakilijaza, ziwa lilishuka kwa kiasi cha mita moja na nusu katika miaka miwili, na kwenye Ghuba ya Ferguson, ambako samaki huzaliana, ufuo ulirudi nyuma zaidi ya kilomita moja. Likishajaa, ilisemwa, mambo yatakaa sawa.

Lakini kuna bwawa na kuna shamba, na wananchi wengi, hata waandishi wa habari wengi, huvichanganya hivi viwili. Shamba la miwa halirudishi maji. Maji yakiingia kwenye muwa hupaa kupitia majani yakaenda na upepo. Kidogo kinachorudi mtoni hurudi na mbolea, dawa na chumvi. Na bwawa ndilo linalowezesha shamba. Zamani Omo ulifurika Agosti na Septemba, kisha ukapungua sana wakati wa kiangazi, na mto wa namna hiyo hauwezi kumwagilia miwa inayotaka maji mwaka mzima. Gibe III imeusawazisha. Bila Gibe III hakuna mashamba ya miwa ya Kuraz, huko Bonde la Omo.

Mradi wa sukari wa Kuraz ulitangazwa mwaka 2011. Mpango wa kwanza ulikuwa wa hekta 245,000, baadaye ukapunguzwa, na utekelezaji umekwenda kwa kusuasua; kilicholimwa hadi leo ni sehemu ndogo ya kilichochorwa. Mhandisi wa maji Sean Avery, aliyeifanyia kazi hesabu ya ziwa hili kwa miaka mingi, alionya kwamba umwagiliaji kwa kiwango kilichopangwa ungeweza kuchukua zaidi ya nusu ya maji ya Omo na kulishusha ziwa kwa kiasi cha hadi mita 20. Kumbuka kina cha wastani: mita 30. Yeye mwenyewe alilinganisha hali hiyo na Aral. Ikal Angelei, mwanzilishi wa shirika la Friends of Lake Turkana, alipata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2012 kwa kulipigia kelele jambo hili. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za Ziwa Turkana katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Kelele zimepigwa, basi. Kisha mvua zikaja, ziwa likapanda, na watu wakaona kwamba waliopiga kelele walikuwa wakitia chumvi.

Wapo watakaosema kwamba mabadiliko ya tabianchi yataleta mvua zaidi katika nyanda za Ethiopia, kwa hiyo hofu ya ukame imepitwa na wakati. Inawezekana mvua zikaongezeka. Lakini ziwa hili limepanda na kushuka lenyewe tangu lipimwe, na halikuuliza utabiri. Katika miaka ya 1980 Norway ilijenga kiwanda cha kugandisha samaki pale Kalokol kwa fedha nyingi. Haukupita muda ukame ukaikausha Ghuba ya Ferguson, na kiwanda, kilichokuwa na matatizo mengine pia, kikabaki gofu. Hapo hapakuwa na bwawa wala muwa hata mmoja mtoni. Ukame wa namna ile ukirudi siku ambayo makumi ya maelfu ya hekta zinataka maji yao ya kila siku, nani atapunguziwa mgao? Uzoefu wa Aral unajibu: kila nchi na kila zao lilikuwa na mgao wake, bahari ikapewa yaliyobaki, na mwaka mbaya hayabaki.

Wengine wameshaanza kulipa. Wadassanech, Wamursi, Wabodi na Wakwegu wa Bonde la Omo walikuwa wakipanda mtama kwenye tope lililoachwa na mafuriko. Mafuriko yalipokatwa, mashamba hayo yalikatika nayo, na mafuriko ya kutengenezwa yaliyoahidiwa hayakuziba pengo. Mafuriko hayo ndiyo yaliyokuwa yakipeleka rutuba ziwani na kuwaamsha samaki wazaliane. Na maji yakipungua, Waturkana wa ufuoni, pamoja na Wadassanech na Wagabra, watalifuata ziwa, kila mtu na mifugo yake na bunduki yake. Eneo lile halihitaji sababu nyingine ya kupigana.

Tusijifanye kwamba hili ni kosa la Ethiopia peke yake. Tanzania inao mto wake wa mfano: Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ulikauka mwaka 1993, na tangu hapo kukatika kiangazi kumekuwa jambo la kawaida, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope. Maji huchukuliwa juu, kwenye mpunga wa Usangu, na mifereji mingi iliachwa ikitiririsha maji hata baada ya mavuno. Hakuna aliyekusudia kuukausha mto. Kila mkulima alifungua mlango wake wa mfereji, basi.

Na asitokee wa kututuliza kwa kusema kwamba Aral imefufuliwa. Kilichofufuliwa ni kipande kidogo cha kaskazini, upande wa Kazakhstan. Watu wa huko walijenga tuta la udongo, likabomoka mwaka 1999. Mwaka 2005 likakamilika tuta imara la Kok-Aral, lenye urefu wa kilomita 13, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Maji yalipanda haraka kuliko ilivyotarajiwa, chumvi ikapungua, samaki na wavuvi wakarudi. Ni habari njema kweli, na nawapongeza. Lakini tuta lile liliokoa kaskazini kwa kuachana na kusini. Sehemu kubwa ya Aral haitarudi.

Turkana bado lina nafasi ambayo Aral ilikuwa nayo mwaka 1960, na hata zaidi, kwa kuwa miwa mingi ingali kwenye karatasi. Kinachokosekana ni kitu kimoja: hakuna mkataba wa kudumu baina ya Kenya na Ethiopia unaolitengea ziwa kiasi maalumu cha maji, pamoja na mafuriko yake ya Agosti na Septemba, kabla ya shamba lolote kupewa lake. Kiasi hicho kipimwe kabla mto haujaingia ziwani, na vipimo vitangazwe kila mwezi ili mwalimu wa Todonyang na mvuvi wa Loiyangalani waweze kuvisoma.

Kenya haiendi mezani mikono mitupu. Novemba 2022 ilianza kununua megawati 200 za umeme kutoka Ethiopia, kwa mkataba wa miaka 25. Mteja wa muda mrefu namna hiyo anayo haki ya kuuliza maji yaliyozungusha mitambo yanakwenda wapi baadaye. Ni ajabu, na kwa maoni yangu ni aibu, kwamba umeme umeandikiwa mkataba na ziwa halijaandikiwa.

Wabunge na magavana wa Turkana na Marsabit, msisubiri ufuo urudi nyuma ndipo muulize. Ulizeni sasa, ziwa likiwa limejaa, maana kipindi hiki Ethiopia inaweza kukubali bila kupoteza hata muwa mmoja. Na wewe msomaji, ukisikia mradi wa umwagiliaji unazinduliwa popote, Usangu, Tana au Omo, usiridhike na idadi ya hekta. Uliza ni maji kiasi gani yatabaki mtoni mwezi wa kiangazi mkali, na nani ameyaandika. Kenya na Ethiopia zitie saini kiwango cha maji ya Turkana kabla hekta nyingine moja ya miwa haijafunguliwa.